Herufi Moja

Kibanda changu kiko Bondeni, nyuma ya makanika wa tuktuk:
skrini tatu, feni moja, viti vya plastiki vilivyoungwa kwa waya.
Shilingi ishirini, dakika kumi na tano.
Stima ikikatika, nakuongezea tano.
Kucheza sijui sana. Kazi yangu ni kutazama,
na mwenye kutazama vidole huona mengi.

Mchezo ule wa mapanga hauanzi mpaka ujibu.
Wasimama wawili kwenye mwanga, mwanamume na mwanamke,
wapumua polepole kama watu kwenye foleni ya feri,
wangoja mmoja wao aitwe.

Famau hubeba magunia Kongowea.
Shingo yake ina alama ya mzigo, kama kola.
Kila akija humchukua mwanamke, yule wa misuko myekundu.
Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.
"Ni mwepesi," alisema. "Yuwaruka juu zaidi."
Usiku nilipofunga nikajaribu mwenyewe,
nikapima kwa kidole kwenye kioo:
wote wawili huruka sawa.
Nikanyamaza. Uongo wa mteja ni mali ya mteja.

Wiki nyingine akasema, "Ikiwa ni mgongo wa kutazama saa nzima,
heri huu." Wakacheka tena, wakaridhika;
jibu lile laingia mfukoni.
Ila mimi nilimwona, siku ya mvua, kibanda kitupu,
amemsimamisha juu ya mnara, hapigani na mtu,
amjaribishia joho la kijani, la zambarau,
la kijani tena.
Ishirini yake yote ikaishia kwenye rangi.
"Mimi nikivaa nguo," alisema bila kugeuka,
"huwa ni gunia tu, lenye mikono."

Kadzo huja na povu la saluni lingali kwenye viwiko.
Yeye ni mwanamume daima, mwenye ndevu mpaka kifuani.
"Huyu akipita sokoni," asema, "hakuna wa kumwita
mrembo, hujambo, mbona wanuna?"
Kisha Ijumaa moja akaja, akamruka mwenye ndevu.
"Leo nataka nife kama mimi."
Akafa mara nne. Alicheka hadi akaangusha pedi.

Lakini sikiliza kibanda kikijaa.
"Ameruka! Amekosa! Anakufa, anakufa, kafa!"
Herufi moja tu, *a*, mlangoni mwa kila kitenzi,
wala haimvui mtu kilemba kumtazama nywele.
Mashine yauliza kabla hujagusa kitu;
sisi twaweza kumsengenya mtu
toka magharibi mpaka adhana ya alfajiri
na asijulikane kama ana ndevu.

Kuna mtoto wa muuza viazi karai,
sare ya shule, soksi moja.
Alilipa, akaketi, akabaki pale pale pa kuchagua:
kushoto, kulia, kushoto, kulia,
huyu, yule, huyu,
kidole kikicheza kama mtu apepeaye jiko.
Muda ukaisha. Hata pambano moja hakupigana.
Nikamrudishia kumi, akaikataa.
"Nimecheza," akasema, akaenda zake.

Usiku, shata nusu, mita yalia chini ya meza,
huketi kwenye kiti cha Famau, kingali na joto.
Wawili wale wapumua, wangoja.
Humchukua yule ambaye siku hiyo hakuguswa na mteja.
Kuna siku ananikaa sawa,
kuna siku hunibana kwapani.
Wewe uliyenifuata tangu kwenye feni, hukuniuliza,
nami sikuona sababu ya kukwambia.
Zimebaki uniti mbili. Nabonyeza.
Ameruka.